Triumph TR4: gia ya takometa iliyolegea, na kwa nini kuikaza peke yake hakutoshi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kutoka Tabora.

Ninalo mikononi gari aina ya Triumph TR4 la mzee mmoja mstaafu wa hapa mjini, ambalo takometa yake, yaani mita inayoonyesha kasi ya injini, ilikuwa haiaminiki tena. Mshale ulipanda vizuri hadi kwenye mizunguko 2500 hivi kwa dakika, kisha ukaanza kutetemeka, ukashuka ghafla, ukarudi, na mara nyingine ukalala kabisa ilhali injini inanguruma kama kawaida. Ubovu wenyewe ulionekana kwa macho mara tu boneti ilipofunguliwa: kizibo kidogo cha bati kinachoizuia gia ya takometa ubavuni mwa distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, kilikuwa kimelegea, na kilicheza kila kilipoguswa kwa ncha ya bisibisi. Mafundi wengi wakifika hapo hukigonga kwa nyundo, wakakizungushia gundi ya chuma, wakamkabidhi mwenye gari funguo zake. Ninaandika kwa kirefu kwa sababu nina hakika kwamba kizibo hicho hakilegei chenyewe. Kuna kitu kinachokisukuma, na kitu hicho kisipotafutwa, gundi itashika kwa muda, halafu gia yenyewe itakatika meno, na gia hiyo si kipuri cha kukiulizia dukani hapa Tabora.

Kwa wasiolifahamu gari hili, TR4 lilitengenezwa na kampuni ya Standard-Triumph huko Coventry, Uingereza, kuanzia 1961 hadi 1965, likafuatiwa na TR4A hadi 1967. Injini yake ni ya silinda nne, ujazo wa cc 2138, yenye nguvu farasi 100 kwenye mizunguko 4600 kwa dakika. Ukoo wake ni ule wa injini ya Standard Vanguard, ambao ndio uliozaa pia injini ya trekta la Ferguson TE20, kwa hiyo fundi aliyewahi kulifungua trekta hilo hatajiona mgeni hapa: slivu za silinda zinazozungukwa na maji ni zile zile, na kamshafti imelala ubavuni mwa bloku vile vile.

Takometa ya gari hili haitumii umeme wa gari hata kidogo. Kamshafti inazungusha shafti fupi iliyosimama kwa kutumia gia yenye meno ya mshazari. Shafti hiyo inaendesha pampu ya oili kwa upande wa chini, na distributa kwa upande wa juu. Kwa kuwa kamshafti huzunguka nusu ya kasi ya krenki, injini ikiwa kwenye mizunguko 3000 distributa huzunguka mara 1500. Ndani ya mwili wa distributa, chini ya platini, yaani pointi zinazokata umeme wa koili, na vile vizito vinavyowahisha cheche, shafti ya distributa ina meno ya mshazari yanayoumana na gia ndogo iliyolala. Gia hiyo ndogo ina tundu la pembe nne upande mmoja, na humo ndimo kebo ya takometa inamoingia. Upande wa pili inaegemea washa, na nyuma ya washa ndipo kilipo kizibo chetu.

Sasa naomba mlitazame jambo moja kwa makini. Meno ya mshazari hayazungushi tu, bali yanasukuma pia kwa ubavu. Gia ndogo ikiwa nyepesi, msukumo huo ni mdogo, na kizibo kinaweza kuubeba kwa miaka mingi bila kulalamika. Gia ikianza kuwa nzito kuzungushwa, kila ongezeko la uzito linageuka kuwa ongezeko la msukumo dhidi ya kizibo, na kizibo chenyewe kimeshikwa na kingo chache tu za alumini zilizopigwa panchi kiwandani. Kingo zinapanuka kidogo kidogo. Gia inapata nafasi ya kurudi nyuma, na meno yake yanabaki yakiumana kwa ncha badala ya upana wake wote. Hapo ndipo mshale unapoanza kurukaruka injini ikipandishwa, kwa sababu meno yanateleza na kushika tena, na kila yanapoteleza yanalika. Anayeziba kizibo bila kuondoa uzito ule anaufunga msukumo ndani, na msukumo ukikosa pa kutokea huishia kwenye meno.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: uzito unatoka wapi? Unaweza kutoka sehemu tatu, yaani kwenye gia yenyewe, kwenye kebo, au ndani ya mita, na mara nyingi sehemu mbili huwa zimeshirikiana.

Nilianza na kebo kwa sababu ndiyo rahisi kufikiwa. Fungua nati ya kebo upande wa distributa na upande wa mita, vuta waya wa ndani wote utoke, uufute, uulaze juu ya meza, kisha ushike ncha moja kwa vidole viwili na uuzungushe taratibu huku ukiitazama ncha ya pili. Waya mzima huzunguka sawasawa ncha zote mbili. Waya uliopinda mahali fulani hukataa kidogo, halafu unaruka, na unauona kabisa mwili wake ukigeuka ghafla juu ya meza kama unaotaka kulala upande mmoja. Waya wa namna hiyo haunyooshwi, unabadilishwa. Katika gari hili waya uliruka, na sababu ilikuwa wazi: mtu aliyewahi kufunga redio aliisukuma kebo nyuma ya dashibodi hadi ikapinda kwa kona kali karibu kabisa na mita. Vitabu vya ufundi vya Waingereza vya wakati ule vinaagiza kwamba kebo isipindwe kwa duara lenye nusu kipenyo kilicho chini ya inchi 6, yaani milimita 150, na kwamba inchi 2 za kwanza kutoka kwenye kila nati zibaki zimenyooka. Maagizo hayo ni ya kweli na ningependa kila fundi ayafuate, kwa sababu kona moja kali inatosha kuifanya gia ya distributa ibebe mzigo ambao haikuumbiwa.

Mita yenyewe inapimwa bila kufunguliwa. Chukua kipande kifupi cha waya wa kebo kuukuu chenye ncha ya pembe nne, kiingize nyuma ya mita na ukizungushe kwa vidole kwa haraka. Mshale unapaswa kuinuka kidogo na kurudi sifuri wenyewe, na vidole visihisi mkwaruzo wowote. Ndani ya mita za Smiths za aina hii kuna sumaku inayozungushwa na kebo, na karibu yake kuna kikombe cha alumini kilichounganishwa na mshale. Viwili hivyo havigusani. Sumaku ikizunguka inazalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, mikondo hiyo inakivuta kikombe kiifuate sumaku, na springi nyembamba kama unywele inakizuia kisiende mbali. Ni kanuni ile ile aliyoipatia hataza Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902 kwa ajili ya mita za mwendo. Kwa kuwa havigusani, mita nzima ina uzito mdogo sana wa kuzungusha. Ukiihisi nzito, basi ekseli ya sumaku imekauka, au grisi imepanda kwa njia ya kebo na kuganda humo. Na ikiwa imegandisha sumaku na kikombe pamoja, mshale hauchezi tu bali unakimbia moja kwa moja hadi mwisho wa namba. Mita ya mzee huyu ilikuwa salama, nami sikuigusa zaidi ya hapo.

Ikabaki distributa. Hapa naomba msomaji aende polepole, kwa maana ni rahisi kutibu takometa na kuharibu taimingi, yaani wakati wa kutoka kwa cheche.

Toa kofia ya distributa, zungusha injini kwa mkono hadi rota ielekee kwenye waya wa plagi ya silinda ya kwanza, kisha chora alama mbili kwa msumari: moja kwenye ukingo wa mwili wa distributa mahali rota inapoelekea, nyingine ikipita kati ya mwili na bamba lake la chini. Vua waya wa koili na kibomba cha vakyumu. Usiilegeze bolti ya kibano kinachoukaba mwili wa distributa, kwa sababu kibano hicho ndicho kinachoshika taimingi. Fungua bolti zinazolishika bamba lenyewe, uinue distributa ikiwa na kibano chake. Ulimi wa chini wa distributa haukukaa katikati ya shafti, umesogea upande mmoja makusudi, kwa hiyo wakati wa kurudisha hauwezi kuingia kinyume.

Kuna onyo jingine ambalo sitaki lipite kwa haraka. Usikiinue kiti cha distributa kilichofungwa kwenye bloku ikiwa kazi yako ni takometa tu. Chini yake ndipo ilipo ile shafti fupi inayoendesha pampu ya oili, na nafasi yake ya kucheza juu na chini imepangwa kwa gasketi kati ya inchi 0.003 na 0.007, yaani takribani milimita 0.08 hadi 0.18. Ukiinua kiti, shafti inaweza kufuatana nacho, ikahama jino moja au mawili, na gasketi ukazirudisha pungufu. Hapo umejitafutia kazi nyingine kubwa kuliko ile uliyoitiwa.

Distributa ikiwa mezani, shika shafti yake kwa juu uitikise kwa ubavu. Ikiwa inacheza kiasi cha kuonekana kwa macho, bushi imelika, na hakuna gia ya takometa itakayotulia juu ya shafti inayoyumba, wala platini haitashika pengo lake. Bushi hizo ni za shaba ya vinyweleo inayobeba oili ndani yake. Bushi mpya lazima ilowekwe ndani ya oili nyepesi ya injini kwa saa 24 kabla ya kupigwa mahali pake, au saa 2 ikiwa oili imepashwa moto hadi nyuzi 100 na kuachwa ipoe. Nimeona bushi zikifungwa kavu kutoka kwenye pakiti, na sioni sababu ya haraka hiyo.

Katika distributa hii bushi ilikuwa nzuri. Nilipokwangua zile kingo zilizobaki na kukitoa kizibo, gia haikutoka. Nilidondosha mafuta ya taa, nikaiacha ilowe, kisha nikaizungusha shafti ya distributa kwa mkono taratibu, na meno ya mshazari yakaisukuma gia nje yenyewe. Ndiyo njia salama, kwa sababu kuivuta kwa plaizi kunakwaruza tundu. Grisi iliyotoka nayo ilikuwa imekauka kama nta ya mzinga uliohamwa na nyuki, nyeusi, inayovunjika vipandevipande, na ndani yake kulikuwa na chembe za mchanga zilizong'aa nilipoisambaza juu ya karatasi. Anayekaa Tabora anaufahamu mchanga huu. Kuanzia Juni hadi mvua zinaponyesha unaingia kila mahali, na feni ya injini inaupeperusha moja kwa moja kwenye ubavu wa bloku. Gia hii haipati oili ya injini ya kutosha mahali ilipo, inategemea grisi iliyowekwa siku ilipofungwa.

Meno yalikuwa yamelika kwenye ncha za upande mmoja tu, kama ilivyotarajiwa, na upana uliobaki ulikuwa mzima. Niliamua kuirudisha gia ile ile. Naeleza uamuzi huo kwa sababu wapo watakaoniuliza: gia ikirudi mahali pake pa asili inaumana kwa upana wote, na ncha zilizolika hazibebi tena mzigo peke yake. Kama meno yangekuwa yamekatika au yamekuwa makali kama wembe, ningeagiza nyingine.

Kizibo cha zamani sikukirudisha. Kilikuwa kimepinda, na bati lililopinda linarudi kupinda. Mkerezaji mmoja wa hapa alinikerezea kizibo cha shaba nyeupe kinene zaidi kidogo, kinachoingia kwa kubanana. Kabla ya kukipiga panchi nilikiingiza kwa shinikizo la jiriwa, nikaweka kipande cha kebo kwenye tundu la pembe nne na kuizungusha gia. Ni lazima izunguke kwa vidole viwili bila kukataa, na ukiisukuma mbele na nyuma uhisi mchezo mdogo sana. Pasipokuwa na mchezo wowote, umeibana, na umerudi kwenye ugonjwa ule ule wa uzito. Toa washa nyembamba au punguza kizibo kwa msasa. Mchezo ukiwa mwingi, ongeza washa. Hatua hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo ninayowaomba msiiharakishe.

Mwili wa distributa ni alumini ya kumiminwa, na hupasuka ukigongwa ukiwa hewani. Niliulaza juu ya kipande cha mninga kilichochongwa kuufuata umbo lake, nikapiga panchi katika sehemu nne, katikati ya alama za zamani na si juu yake, kwa nyundo ndogo. Grisi niliyotumia ni ya lithiamu ya kawaida, ile ya beringi, kiasi cha kufunika meno na ekseli tu.

Waya mpya wa kebo ulifika kwa basi kutoka Dar es Salaam. Nao unapakwa grisi, si oili, na kwa uchache. Ukiisha kuuingiza wote, uvute tena utoke kama inchi 8 upande wa mita, uifute grisi ya sehemu hiyo, kisha uurudishe, ili kusiwe na kitu cha kupanda kuingia kwenye mita. Upande wa mita ncha ya waya inapaswa kuchomoza inchi 3/8, karibu milimita 10, nje ya ganda lake. Ikichomoza pungufu haishiki, ikichomoza zaidi inaisukuma sumaku ndani na kuharibu mita uliyoisifu kuwa nzima. Nati zinakazwa kwa vidole. Redio niliihamisha.

Mwisho nilihakikisha pengo la platini ni inchi 0.015, yaani milimita 0.38, na taimingi ya kusimama ni nyuzi 4 kabla ya pistoni kufika juu. Tulilijaribu gari kwenye barabara ya Nzega, mwenyewe akiwa usukani, na mshale ulipanda hadi 4000 bila kutetemeka na kushuka kwa utulivu alipoachia mafuta.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mchangiaji kutoka Nzega: Kijana wangu, nimesoma yote na nimefurahi kuona bado kuna fundi anayefanya kazi kwa subira. Hata hivyo nina hoja. Sisi enzi zetu kizibo kama hicho tulikishika kwa kukitia risasi ya kulehemu pembezoni, nacho kilidumu. Kwa nini uhangaike na mkerezaji?

Mwanzisha uzi: Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kunisoma. Hoja yako ina uzito, kwani kwenye distributa zenye mwili wa chuma njia hiyo inawezekana. Kwa hii, risasi haishiki kwenye alumini bila dawa maalumu, na hata ikishika, moto unaotumika unaikausha bushi ya vinyweleo iliyo karibu nayo. Oili inatoka ndani ya shaba, na baada ya hapo shafti inazunguka ikiwa kavu. Jambo la pili ni kwamba risasi haitoi nafasi ya kupima mchezo wa gia na kuurekebisha. Kizibo cha kubanana kinatoka tena siku kikihitajika kutoka, na mimi ninapenda kumwachia fundi atakayekuja baada yangu kitu anachoweza kukifungua.

Mchangiaji kijana, Tabora mjini: Shikamoo fundi. Mimi ni mhitimu wa chuo cha ufundi cha VETA, nimesomea umeme wa magari. Kwa nini msiondoe kebo yote mkaweka takometa ya umeme inayosoma mapigo ya koili? Sehemu zinazolika zingekwisha kabisa.

Mwanzisha uzi: Marahaba mdogo wangu, swali lako ni zuri na hata Waingereza wenyewe walilijibu kwa namna yako. MGB, kwa mfano, lilihamia takometa ya umeme mwaka 1964 lilipopata injini ya beringi tano. Jaguar E-Type la mwanzo lilikwenda njia ya katikati: jenereta ndogo mwishoni mwa kamshafti inatuma umeme kwenye mita. Upande wa pili, Austin-Healey Sprite la 1958 liliendesha takometa yake kutoka nyuma ya dainamo kwa giaboksi ndogo, na huko ukiona mshale unashuka wakati taa zimewashwa, usihangaike na kebo kabla ya kuutazama mkanda wa feni, kwa sababu dainamo ikilemewa mkanda unateleza na takometa inasoma kasi ya dainamo, si ya injini.

Kwa TR4 hili sikushauri kubadilisha, kwa sababu mbili. Mfumo wake wa umeme uliundwa ncha chanya ya betri ikiwa ndiyo inayokwenda kwenye bodi, na mita nyingi za umeme zinazouzwa leo zinataka hasi; itabidi ugeuze mfumo mzima au utafute mita maalumu. La pili ni kwamba ukiondoa kebo gia inabaki ndani ya distributa ikizunguka ikiwa kavu kama zamani, na kizibo kitaendelea kusukumwa. Ukitaka kuachana nayo, lazima uitoe gia na kuziba matundu yote mawili dhidi ya vumbi. Wapo wanaofungua mita ya zamani na kupachika saketi ya umeme nyuma ya uso wake ule ule, nami siwalaumu. Ila mashine hii ikitunzwa inafanya kazi sawasawa, na mwenye gari anaipenda ilivyo.

Mchangiaji kutoka Ujiji, Kigoma: Kaka, asante sana kwa somo hili. Mimi sina gari la michezo, nina Land Rover Series III ninayoitumia kati ya Ujiji na Kasulu, na shida yangu ni ya mita ya mwendo. Mshale unarukaruka kwenye kilomita 30 hadi 40, na sasa naona mafuta yamejipaka ndani ya kioo cha mita. Nimebadilisha kebo, ikatulia kidogo, kisha ikarudi vile vile. Je, haya uliyoyaandika yananihusu?

Mwanzisha uzi: Yanakuhusu kaka yangu, na mafuta hayo kwenye kioo yamekwisha kutoa ushahidi. Katika Land Rover yako kebo inachukua mwendo kutoka nyuma ya giaboksi ndogo, ile inayogawa mwendo kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, mahali ambapo gia nyoka iliyo kwenye shafti ya kutokea inazungusha gia ndogo yenye ekseli yake. Ekseli hiyo ina sili ya oili. Sili ikichoka, oili ya giaboksi inaingia ndani ya ganda la kebo na waya unaozunguka unaipandisha kidogo kidogo hadi kwenye mita. Kebo mpya ilitulia kwa sababu ilikuwa kavu, ikaharibika tena ilipojaa oili.

Ufanye kazi kutoka chini kwenda juu. Egesha gari mahali tambarare, fungua kebo kwenye giaboksi, na utazame kama oili inachuruzika kutoka kwenye ganda. Ikichuruzika, hapana haja ya kubahatisha. Toa kile kinyumba kinachoishika ekseli, badilisha sili pamoja na ringi yake ya mpira, na kabla ya kukirudisha zungusha ekseli kwa vidole uhakikishe haikwaruzi. Kisha chomoa waya wa kebo, uoshe ganda lake kwa petroli na kuliacha likauke kabisa, na upake grisi kwa kipimo nilichokitaja juu, ukiacha zile inchi 8 za upande wa mita zikiwa kavu.

Mita ndiyo itakayokuwa ya mwisho. Oili ikiwa imefika kwenye kikombe cha alumini, mpe fundi wa saa anayejua kushika springi nyembamba, akisafishe kwa petroli safi na brashi laini bila kuivuta springi wala kuung'oa mshale kwa nguvu. Mita iliyosafishwa usiifunge kabla sili haijabadilishwa, maana itarudi kulowa kwa njia ile ile.

Mchangiaji kutoka Ujiji, Kigoma: Nimekuelewa kaka. Nimefungua kebo leo jioni na kweli oili imemwagika mkononi. Naomba unieleze jambo moja: baada ya sili, kebo niipitishe wapi? Ilivyo sasa imefungwa pamoja na bomba la breki kwa waya.

Mwanzisha uzi: Ifungue hapo mara moja, kwa ajili ya breki kabla ya mita, kwa kuwa ganda la kebo linatikisika safari nzima na litalikwangua bomba. Ipitishe juu ya fremu kwa kibano chake yenyewe, mbali na ekzosi, na kila inapogeuka uache duara pana lisilopungua zile inchi 6. Ukiisha kuifunga, mwombe mtu asukume gari taratibu huku gia ikiwa huru na nati ya upande wa mita ikiwa wazi; uitazame ncha ya waya. Ikizunguka mfululizo bila kusimama na kuruka, funga nati kwa vidole. Ikiruka, kuna kona umeiacha mahali, nayo mara nyingi iko pale kebo inapopenya ukuta wa injini kuingia kwenye dashibodi.